Dakika Hamsini Zinatosha

Jumanne, 5 Machi

Daktari amesema niandike. Presha yangu ilimfanya aipime mara mbili, halafu akanitazama kama fundi anavyolitazama gari lililochelewa kuletwa gereji. Dawa kanipa, chumvi kanikataza, kisha akaniagiza nitafute mahali pa kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, na kila mara niandike tarehe, muda na mwili ulivyojisikia. Nina miaka hamsini na moja. Kazi yangu ni ukarani katika ghala la vipuri vya magari, na kitu kizito kuliko vyote ninachoshika kutwa ni mhuri.

Basi leo nimeanza. Jimu iko ghorofani, juu ya duka la magodoro, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Anayefundisha ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye sauti kavu. Wote wanamwita Kocha. Utaratibu wake ni dakika kumi za kupasha mwili moto, thelathini na tano za vyuma, tano za kunyoosha viungo. Nikamuuliza kama hizo zinamtosha mtu aliyechelewa kama mimi, maana nilidhani ugonjwa mkubwa unataka mazoezi marefu. Akasema dakika hamsini zinatosha kama mtu anafanya kazi kweli, na anayekaa humo masaa mawili, nusu yake anapiga soga.

"Mwili haujengwi hapa, Mzee," alisema. "Hapa unabomolewa. Unajengwa nyumbani, ukila na ukilala. Kwa hiyo ukimaliza, nenda nyumbani."

Muda: dakika hamsini. Mwili: magoti yanatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi.

Nilifika nyumbani saa kumi na mbili kamili. Mke wangu alikuwa anamwogesha Baba. Nilisimama koridoni, viatu mkononi, mpaka nikasikia amemaliza. Ndipo nikarudi mlangoni na kuufunga kwa kishindo, kana kwamba nimeingia wakati ule.

Alhamisi, 7 Machi

Dakika hamsini. Sikujua kama makalio nayo yana misuli. Leo nimejulishwa.

Jumamosi, 9 Machi

Dakika hamsini. Daktari hakuniagiza niandike ya nyumbani, lakini kalamu ikishaanza haichagui.

Baba alipata kiharusi Desemba. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa kupanda jukwaa na ndoo ya zege begani huku anasimulia vichekesho. Sasa upande wa kulia umelala na maneno yamebaki matatu: ndiyo, maji, bado. Tulimleta kwetu Januari. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, watoto wetu wawili wameshaondoka wanajitegemea, na chumba kipo. Siku ya pili nilijaribu kumwogesha. Nilimvua nguo nikakuta amejichafua. Nilipomshika kwapani nikaona mapaja yalivyokwisha, harufu ikanipanda, nikatoka mbio nikaenda kutapika kwenye sinki la jikoni. Niliporudi, Baba alikuwa ameupa ukuta uso wake.

Mke wangu alininong'oneza nimwachie yeye. Nikamwachia. Tangu siku hiyo mke wa mtu anamwogesha baba mkwe wake, na mwenye baba hakosi shughuli.

Jumanne, 12 Machi

Mvua za msimu zimeanza. Nilimaliza vyuma, lakini nje kulikuwa kama mtu anamwaga maji kwa karai. Nikakaa kwenye benchi karibu na televisheni nikingoja ikatike. Ilikatika saa moja na nusu. Nyumbani nilikuta Baba ameshaoga, ameshakula, ameshalala. Mke wangu yuko kwenye cherehani yake sebuleni, anashona sare za shule. Chakula changu kimefunikwa. Hakuna harufu, hakuna beseni koridoni.

Akasema, pole na mvua. Nikasema, asante.

Alhamisi, 14 Machi

Leo haikunyesha. Nimekaa hata hivyo.

Nilipofika, mke wangu akaniuliza mbona nimechelewa, akiuliza tu kwa wema, uzi ukiwa mdomoni. Ulimi hauna mfupa. Nilimwambia Kocha ameangalia presha yangu akabadilisha utaratibu: mtu wa hali yangu lazima aende taratibu, apumzike sana kati ya chuma na chuma, kwa hiyo mazoezi yangu sasa ni ya masaa mawili na nusu. Akaacha kushona. Akasema kama ni kwa ajili ya uzima wangu, hata yangekuwa matano.

Muda: dakika hamsini. Na saa moja na dakika arobaini za kukaa.

Jumamosi, 16 Machi

Masaa mawili na nusu.

Jumanne, 19 Machi

Masaa mawili na nusu. Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Masaa mawili na nusu. Naona nimeanza kuliandika hivyo hata humu, ambamo hakuna wa kumdanganya.

Jumanne, 26 Machi

Asubuhi mke wangu aliniomba nimsaidie kumgeuza Baba kitandani kabla sijaenda kazini, kwa sababu kiuno kinamuuma. Nikamwambia Kocha amekataza nisinyanyue kitu chochote siku ya mazoezi, nisije nikaingia na misuli iliyochoka. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema haya bwana mkubwa, mali ya serikali haiguswi. Nikacheka naye. Kisha akaingia chumbani peke yake nikamsikia anahesabu: moja, mbili, haya Baba. Na Baba anajibu: bado.

Nilisikia, nikaenda kazini.

Jumamosi, 30 Machi

Dada yangu amekuja. Ni mwalimu, anakaa mbali, huja akipata nafasi. Alinishika mikono akasema lo, kaka yangu amerudia ujana, hebu kunja tuone. Nikakunja. Wakacheka wote wawili. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ananiangalia mkono.

Dada akasema kwa utani kwamba mikono kama hii ingemfaa sana Baba. Mke wangu ndiye aliyenitetea. Alisema niachwe, ni amri ya daktari, na kwamba nikirudi huwa nimechoka mpaka natia huruma. Nilishusha mkono wa shati. Sijawahi kutetewa nikaumia namna ile.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo. Nguo za Baba hazikauki. Zimetandazwa kwenye viti, kwenye mlango, mpaka kwenye cherehani. Nimeongeza kilo tano. Nilinyanyua kutoka chini kilo sitini mara nane. Kijana wa duka la magodoro akanipigia makofi.

Jumamosi, 6 Aprili

Haya ya leo naandika kwa sababu nikiyaacha kichwani sitalala.

Kocha alinifuata kwenye benchi. Akasema amenivumilia wiki nne. Alinihesabia: naingia saa kumi na moja, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi nimemaliza, halafu nakaa mpaka anataka kufagia. Alidhani mwanzoni kwamba naongeza seti kwa siri, watu wa umri wangu hufanya hivyo, wanadhani chuma ni kama deni la zamani la kulipwa kwa haraka. Lakini siongezi. Nakaa tu.

"Nyumbani huna watu, Mzee?"

Ningeweza kusema ninao. Mke ninaye, baba ninaye, maneno mawili tu. Nikasema, "Sina."

Uso wake ukalegea. Akaniuliza kama nilifiwa, nami nikainamisha kichwa, naye akakichukua kile kichwa kuwa jibu. Akaenda kwenye chumba chake akaniletea chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Akasema niwe nakaa kadiri nitakavyo.

Chai niliinywa yote. Nimewazika watu wawili wakiwa hai, nikapewa chai.

Jumanne, 9 Aprili

Masaa mawili na nusu. Kocha ameniwekea kiti chenye mto.

Alhamisi, 11 Aprili

Vilevile.

Jumamosi, 13 Aprili

Vilevile. Mke wangu anatembea ameshika kiuno. Nilimwambia akapimwe. Akasema akimaliza sare.

Ijumaa, 19 Aprili

Jana sikuandika. Leo naandika nikiwa nimekaa sakafuni, kati ya chumba cha Baba na sebule, ili nimsikie kila mmoja.

Jana nilimaliza vyuma saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, kama kawaida. Simu niliiacha kwenye kabati na begi, kama kawaida. Nje mvua kubwa. Televisheni ilikuwa inaonyesha marudio ya mechi ambayo matokeo yake nilishayajua. Nikaitazama mpaka mwisho.

Niliondoka saa moja na nusu. Njiani simu ikiwa begini sikuiangalia. Mlango wa nyumbani ulikuwa umerudishwa tu. Sebuleni taa ya cherehani inawaka, kitambaa kiko nusu chini ya sindano, na jikoni kunanuka kuungua. Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kwamba ameunguza chakula, sasa nitakula nini. Naliandika hilo hapa kwa sababu ndivyo nilivyo.

Kisha nikasikia sauti bafuni, ndogo, iliyokauka. Mke wangu alikuwa anasema, "Bado kidogo, Baba. Anakuja. Anakuja sasa hivi."

Walikuwa sakafuni. Kigoda cha kuogea kimepinduka. Yeye amelala ubavu, mgongo ukutani, mguu mmoja umekunjika chini yake. Kichwa cha Baba kiko pajani kwake na taulo lote amemfunika Baba, gauni lake mwenyewe limelowa na anatetemeka. Alikuwa anamwinua Baba kutoka kwenye kigoda, akasikia kitu kimekatika kiunoni, wakaenda chini pamoja. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano. Alipiga kelele, lakini mvua juu ya bati ilimmeza sauti. Alijiburuta mpaka akaifikia simu aliyokuwa ameiweka juu ya pipa, akanipigia mara kumi na nne. Halafu akaogopa kumwacha Baba peke yake na baridi ile, akajiburuta tena kurudi kwake.

Kama ningetoka nilipomaliza, ningekuwa mlangoni saa kumi na mbili kamili. Dakika tano kabla.

Alisema, "Mwinue Baba. Mimi niache kwanza."

Nilipitisha mkono mmoja mgongoni kwa Baba na mwingine chini ya magoti, nikamwinua. Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo neno ambalo tangu jana linakataa kushuka kooni. Nilijikaza nikitegemea uzito, na uzito haukuwepo; karibu nimrushe. Zahanati baadaye walimpima, kilo arobaini na tisa. Tangu Januari ningeweza kumwinua, hata kabla sijagusa chuma.

Nilimkausha, nikamvika, nikamlaza. Alikuwa amejichafua pale sakafuni, nami nilimsafisha. Sikutapika. Hata kichefuchefu hakikuja. Hakikuwa na nafasi.

Mke wangu hakuweza kusimama. Jirani mwenye teksi alitupeleka wote watatu zahanati. Baba alikuwa amepata baridi tu na jeraha dogo la kiwiko. Mke wangu, pingili za mgongo. Alale wiki tatu, asiiname, asibebe hata ndoo. Tukiwa kwenye gari, Baba kiti cha mbele na yeye ameniegemea nyuma, macho ameyafumba, alinishika bega.

"Usijilaumu," alisema. "Ulikuwa kwenye dawa yako."

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeomba likizo ya wiki tatu. Kocha alipiga simu, sikupokea. Nimemwogesha Baba. Wakati wote alitazama ukuta.

Jumanne, 23 Aprili

Sijui kumlisha Baba. Namjazia kijiko, uji unamwagikia kidevuni. Mke wangu akiwa amelala kwenye godoro sebuleni ananielekeza: upande wa kushoto, nusu kijiko, ngoja ameze. Kocha amepiga tena mara mbili. Sikupokea.

Jana usiku nilipanga kumwambia mke wangu ukweli asubuhi. Asubuhi nilipanga mchana. Mchana alikuwa na maumivu, nikasema si vizuri kumwongezea. Mwoga hakosi huruma ya kumsingizia.

Ijumaa, 26 Aprili

Nilikuwa uani nafua mashuka ya Baba niliposikia hodi. Halafu nikaisikia ile sauti kavu sebuleni, inamwamkia mke wangu shikamoo, inaomba radhi, inasema huenda imekosea nyumba. Inamtafuta mzee mmoja anayeishi peke yake, hajaonekana jimu siku tatu za mazoezi, simu hapokei, na anwani kwenye fomu yake ni hii.

Njia ya mwongo fupi, lakini sikudhani ingekuja na miguu yake mpaka sebuleni kwangu. Nilitaka kuruka ukuta wa ua. Kweli nilipima urefu wake kwa macho. Kisha Baba akaita "maji" kutoka chumbani na nikalazimika kupita sebuleni na kikombe.

Kocha alikuwa amesimama na mfuko wa machungwa. Aliniona. Akamtazama mke wangu kwenye godoro, akatazama mlango wa Baba, akanitazama tena. Mke wangu, maskini, alikuwa ameshaelewa kwamba huyu ndiye mwalimu wangu, na alifurahi. Alimkaribisha kiti. Alimshukuru kwa jinsi anavyonitunza. Nilimpa Baba maji nikarudi nikasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mwalimu wangu," mke wangu alisema, "nina ombi. Akirudi, hayo mazoezi hayawezi kupunguzwa? Masaa mawili na nusu ni mengi kwa nyumba yenye wagonjwa wawili."

Kocha aliniangalia. Alikuwa ananipa nafasi, naiona mpaka sasa ile nafasi, ilikuwa pana kama uwanja. Sikuitumia.

"Mama," alisema taratibu, "sijawahi kumpa mtu yeyote masaa mawili na nusu. Yake ni dakika hamsini. Dakika hamsini zinatosha."

Aliweka machungwa mezani. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa sababu miguu ilikwenda yenyewe. Alivaa viatu bila kuniangalia, akasema, "Nilikulilia, unajua," akashuka ngazi za kibaraza kwenye manyunyu.

Niliporudi mke wangu alikuwa anatazama dari. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini hayo masaa. Nikasema nakaa. Na nani? Peke yangu, naangalia televisheni.

"Afadhali ungesema una mwanamke," alisema. "Mwanamke ningemwelewa."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Lile neno la Baba, bado. Mimi nilidhani ni neno lililobaki tu mdomoni kama jino. Alisema kila jioni, kabla ya saa kumi na mbili, akimfuata na beseni, Baba alikuwa anashika ukingo wa kitanda na mkono mzima na kusema bado. Alikuwa ananingoja mimi. Hakutaka kuvuliwa nguo na mke wa mwanawe. Naye mke wangu alimngojea kadiri alivyoweza, akimwambia mwanao yuko kwenye dawa, mvumilie, mpaka Baba anakuwa amelowa na hapana budi tena. Halafu akimwogesha, Baba alikuwa anafumba macho mpaka mwisho ili angalau mmoja wao asione.

"Kila siku nilimwambia unakuja," alisema. "Umenifanya nimdanganye mtu mzima."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hata hilo lilionekana kama kujipendelea, nikaenda kumalizia mashuka.

Jumanne, 30 Aprili

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, amekuja na gari akamchukua. Mke wangu alisema hakuna ugomvi, anakwenda kulaza mgongo mahali ambapo hatalazimika kusikiliza mlango. Aliniachia karatasi ukutani: saa za dawa za Baba, namna ya kumgeuza, mafuta ya visigino. Mwandiko wake umepinda kwa sababu aliandika amelala. Sare zilizobaki atamaliziwa na mwenzake.

Nilimuuliza atarudi lini.

"Mgongo ukipona. Wa kwangu daktari amesema wiki tatu. Wewe sijui."

Alhamisi, 2 Mei

Baba amegoma. Nilipomfuata na beseni alinipiga kofi na mkono wa kushoto. Kofi dhaifu, lenye maji. Nikangoja. Akanipiga la pili. Nikangoja. Kisha akaachia ukingo wa kitanda.

Jumapili, 5 Mei

Nilimwambia Baba yote. Nilikuwa nampaka sabuni mgongoni, ambako haonani nami, na nikaanza tu: benchi, televisheni, chai ya Kocha, kwamba nilisema sina watu. Nilimwambia ile siku ya Januari nilitapika kwa sababu niliogopa, na baada ya hapo nilizidi kuogopa uso wake kuliko mwili wake. Nilizungumza mpaka sauti ikaniishia. Nikangoja neno.

"Maji," Baba alisema.

Maji yalikuwa yamepoa kabisa, naye anatetemeka. Nikaenda kuchemsha mengine.

Jumatano, 8 Mei

Kidonda kilikuwa kinataka kuanza kwenye nyonga. Namgeuza kila baada ya masaa mawili kama karatasi ilivyosema. Kinafifia.

Jumamosi, 11 Mei

Dada yangu amekuja kwa likizo ya shule ili nirudi kazini. Ukoo mzima amewasimulia kwa simu jinsi kaka yake alivyo mtoto mwema, anavyomwogesha Baba kwa mikono yake. Shangazi amenipigia kunibariki. Niliipokea baraka mpaka katikati, ikanishinda. Baada ya kukata simu nilimkalisha dada nikamweleza. Alinisikiliza, kisha akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Jioni aliniambia hatamwambia shangazi, lakini si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya mke wangu, asionekane aliolewa na mtu wa namna hiyo.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda jimu asubuhi kabla ya kazi, dada yuko na Baba. Nilimwomba Kocha msamaha mbele ya vijana wawili waliokuwa wanapasha mwili, kando ya lile benchi, kwa sababu pale ndipo nilipodanganya. Akasema sawa. Alinipangia chuma na kunihesabia marudio, na neno lingine halikumtoka. Hakuniita Mzee. Kile kiti chenye mto amekirudisha ofisini kwake.

Dakika hamsini. Mwili: mzima. Ndiyo taabu yake.

Jumamosi, 18 Mei

Nilimpigia mke wangu. Anatembea sasa, mpaka dukani na kurudi. Alimuulizia Baba kwa urefu: anakula nini, kiwiko kimekauka, anasinzia mchana? Nilimjibu yote. Nilikuwa na majibu yote. Kisha pakawa hakuna cha kuulizana, na tukaisikiliza mvua ya upande wa kila mmoja mpaka akasema salio litakwisha.

Jumamosi, 25 Mei

Leo amekuja kumwona Baba.

Tangu juzi maji yametuama mbele ya nyumba, kuanzia barabarani mpaka kibarazani, yanafika kwenye kifundo cha mguu na chini yake kuna utelezi. Teksi ilisimama ng'ambo. Nilimwona amefungua mlango, amefungwa mkanda wa kiuno juu ya gauni, anaangalia pa kukanyaga. Nilishuka mbio, nikaingia majini na viatu vyangu, nikamnyooshea mikono. Nilimwambia nitambeba. Ni hatua kumi na tano tu.

Aliiangalia mikono yangu. Imejaa sasa, mishipa imetoka, mtu yeyote angeiamini. Kisha akamgeukia dereva, mtu mzima mwembamba mwenye makubazi, akamwomba amshike mkono. Wakavuka pamoja pole pole, dereva akimwonyesha mawe yalipo, nami nikiwafuata nyuma.

Alikaa na Baba saa nzima, mimi na dada tukiwa jikoni. Nilimsikia anamgeuza kidogo kumwangalia nyonga na visigino, nikataka kukimbilia ndani nimkataze kuinama, nikajizuia. Baba alikuwa anacheka, kicheko chake kipya cha upande mmoja. Alipotoka alisema ngozi ya Baba ni safi. Akasema, "Umemtunza." Si kwa ukali, si kwa upole. Kama mtu anayesoma mita ya maji.

Nilimwambia godoro lake nimelibadilisha, nimeweka gumu kama daktari wake alivyotaka. Akasema ameliona. Nikamwambia sitamwomba arudi, ila akirudi, beseni halitakuwa lake tena. Alikuwa anafunga mkanda wa kiuno, akaukaza tundu moja zaidi.

"Sijui," alisema. "Nikisikia saa kumi na mbili inagonga, bado mwili wangu wote unakusikiliza mlangoni. Mpaka hilo liishe."

Dereva alikuwa ameshaingia majini, anamngoja chini ya kibaraza. Mke wangu alishuka ngazi ya kwanza, akasita, kwa sababu alihitaji mkono mmoja wa kushika nguzo na mmoja wa kumshika dereva. Akageuka akanipa mkoba wake.

Mkoba tu, mdogo, hauna hata kilo moja. Niliupokea kwa mikono miwili nikaubeba mpaka kwenye gari, juu, mbali na maji, hatua kumi na tano. Akaupokea dirishani. Nilibaki nimesimama pale mpaka dada akaniita kwamba Baba amelowa na ananingoja.